Mguu wa Baba Kwenye Kona ya Matairi

Jirani yetu wa ukuta mmoja, yule tunayemwita Mama Antena kwa jinsi anavyonasa mambo kabla hayajatokea, anasema alituona kwa macho yake mawili tukimnyonga mdogo wangu.

Anasimulia hivi, na kila anaposimulia anaongeza kiungo. Alikuwa anaanika nguo. Akasikia kishindo kwetu, mtu anapiga mguu sakafuni, du, du, du, kama anayefukuza panya. Akachungulia. Hakukusudia, anasema, shingo yake ilijigeuza yenyewe. Akamwona Punje kakaa juu ya kigoda, kavalishwa helmeti, tyubu ya baiskeli imefungwa kwenye helmeti na kupitishwa kwenye nondo za dirisha, na mimi nimeshika ncha ya pili, navuta. Baba anapiga mguu. Mtoto ulimi nje.

"Ulimi nje, jamani," anasema, na hapo hutoa wa kwake ili watu waelewe ulimi ni nini.

Sikatai. Ulimi ulikuwa nje. Punje akikazana hutoa ulimi tangu yuko chekechea. Na mimi nilikuwa navuta kweli. Lakini nani anamnyonga mtu kwa kumvuta kichwa kwenda pembeni?

Kabla jasho halijatukauka, uchochoro mzima ulikuwa mlangoni kwetu. Mama Antena mbele, bado ana kibanio cha nguo mkononi.

"Mwachieni mtoto," akasema.

"Tunamfundisha shingo," Baba akajibu.

"Shingo inafundishwa?"

"Kwenye mbio, ndiyo. Kigari kikikata kona, kichwa kinataka kubaki nyuma. Mwenye shingo ya kuku anamaliza mbio anaangalia bega lake."

"Mnamsikia? Huyu mzee kachanganyikiwa tangu afukuzwe kazi. Nilisema. Nilimwambia mume wangu, nikamwambia dada yangu, nikamwambia na yule wa mkaa, nikasema yule mzee ipo siku ata—"

Baba akapiga mguu. Du.

Mama Antena akanyamaza katikati ya neno. Mdomo ukabaki wazi, kibanio kikamponyoka.

Ndivyo ulivyo mguu wa Baba. Ukitua, mtu anasimama hata kama hajui anachosimamia. Naomba muukumbuke mguu huo, maana leo sina kisa kingine.

Wewe unayekutana nami leo kwa mara ya kwanza, usiondoke, nitakupitisha haraka. Nyumbani tuko watatu tangu Mama atuache. Baba alikuwa mwalimu wa udereva, wale wanaokaa kiti cha pembeni chenye breki yake. Maisha yake yote kazi yake imekuwa kukanyaga breki kabla mwanafunzi hajaua mtu. Wiki mbili nyuma niliwaeleza jinsi alivyofukuzwa: siku ya mtihani alikaa kiti cha nyuma, akaona hatari isiyokuwepo, akapiga mguu. Mwanafunzi aliyezoea mguu ule akakanyaga breki kwa nguvu zake zote. Paji la uso la mkaguzi likaenda kusalimiana na kioo.

Mimi niliishia shule ya msingi. Ninafua ovaroli na kusafisha helmeti kwenye uwanja wa vigari vya mbio, vile vidogo visivyo na mlango wala paa, dereva kakaa chini kama anayenawa miguu. Nimefua ovaroli nyingi, na ninachoweza kuwaambia ni kwamba woga hukaa kwapani.

Punje ni mdogo wangu. Jina lenyewe linajieleza. Ni mwepesi mpaka kigari chake kikafungiwa vipande vya chuma kizito kitini ili kitimize uzito unaotakiwa. Alianza kwa kurudisha vigari bandani jioni, wateja wakiondoka. Timu moja kubwa ya mbio ikaja uwanjani kwetu kutafuta dereva mmoja chipukizi wa kumchukua, kumsomesha na kumpandisha ngazi kwa ngazi mpaka magari makubwa. Walikuja watoto wengi. Wakachekechwa, wakachekechwa tena, wakabaki watatu. Punje ni mmoja wao. Nafasi ni moja.

Hapo ndipo tulipofika wiki iliyopita. Sasa twende.

Wenzake wawili wana mashine za kufanyia mazoezi nyumbani, kiti, usukani na skrini tatu, unaendesha huku umekaa sebuleni. Sisi tulikuwa na kigoda, mfuniko wa sufuria na tofali. Mfuniko ndio usukani. Tofali ndiyo breki. Skrini ilikuwa Baba.

"Unatoka bandani," Baba angesema, amefumba macho. "Nyoosha. Kona ya Choo, inua mguu kidogo, pita. Nyoosha. Usiangalie kioo."

"Baba, hivi vigari havina vioo," Punje angesema.

"Ndiyo maana nakwambia usiangalie. Nyoosha. Nyoosha. Kona ya Matairi inakuja. Inakuja."

Du.

Punje anakanyaga tofali.

Uwanja wetu una kona nyingi, lakini nyingi zinapitika kwa kulegeza mguu tu. Kona ya Matairi ndiyo inayotaka breki ya kweli. Iko mwisho wa mnyoosho mrefu, imezungushiwa ukuta wa matairi chakavu kwa ajili ya wale wanaoikosea. Ukiwahi kukanyaga, umepoteza muda. Ukichelewa, unakwenda kulala na matairi. Pa kukanyagia ni padogo kama kiganja, na Baba alipajua kama anavyojua mfuko wa shati lake.

Tulifanya hivyo kila siku baada ya shule. Sakafu chini ya kiti cha Baba iliota kishimo. Hata tukila, Punje akimeza haraka, du, kijiko kinasimama hewani.

Siku ya mwisho ya majaribio ilipokaribia, nikamkalisha Baba chini.

"Baba, usije uwanjani."

"Mimi ndiye mwalimu wake."

"Timu haipendi wazazi wa kelele. Kuna mtoto mzuri kabisa waliyemtoa kwa sababu mama yake aliingia njiani na mwavuli."

"Mimi nina mwavuli?"

"Una mdomo."

Akafikiri. Baba akifikiri huvuta soksi.

"Mdomo nitaufunga."

"Apa."

"Naapa kwa leseni yangu."

Leseni yenyewe ilishachukuliwa, lakini nilikubali. Mtu anaapa kwa alichonacho. Nilikuwa nimemziba mdomo, nikajiona mjanja. Mguu sikuutaja. Haikunipitia akilini.

Siku yenyewe Baba alivaa viatu vyeupe. Ndivyo alivyofungia ndoa. Akaenda kukaa kwenye benchi la ndugu na jamaa, mkabala na mnyoosho, hatua chache kabla ya Kona ya Matairi. Mikono magotini, mdomo kafumba mpaka mashavu yamevimba. Alikuwa kama mtoto aliyekatazwa kutema dawa.

Mimi nilikuwa kazini. Buti zangu za mpira za njano, kitambaa begani, nakusanya helmeti, nafuta vioo vyake. Mfanyakazi wa uwanja haonekani. Ndiyo raha yake.

Upande wa kulia wa Baba alikaa daktari wa meno. Mwanawe ni mmoja wa wale watatu, na uwanjani tunamwita Mtoto wa Meno. Daktari alikuwa na kofia yenye jina la mtoto, fulana yenye jina la mtoto na darubini. Upande wa kushoto alikaa shangazi wa yule binti wa tatu. Shangazi alikuja na sweta anafuma. Kabla injini haijawaka alikuwa amesinzia.

Kocha wa timu ni mama mmoja mfupi, mpole wa kutisha. Anavaa saa ya kupimia shingoni, na sijawahi kumwona akiiangalia. Muda unasomwa na mitambo. Nilipokuwa nafuta vioo nikamfuata macho, nikaona yanakokwenda. Yalikuwa yanakwenda kwenye benchi.

Ilinichukua muda kuamini. Watoto wanazunguka kama nyuki, na mama huyu anaangalia watu waliokaa.

Mzunguko wa kwanza kila mtoto aliendesha kigari chake. Mtoto wa Meno akarudi wa pili. Kocha akachuchumaa pembeni yake.

"Nini kimekwenda vibaya?"

"Matairi ya mbele," daktari akajibu kutoka benchi.

"Nimemuuliza dereva."

"Matairi ya mbele," akasema mtoto.

"Na nini tena?"

Mtoto akamwangalia baba yake. "Jua?"

"Jua lilikuwa usoni kwake," daktari akasema. "Nimeliona kwa darubini."

Baba akapumua kwa pua. Nikamtolea macho. Akafumba mdomo zaidi.

Kocha akahamia kwa binti wa shangazi. "Wewe, nini kimekwenda vibaya?"

"Mimi," akasema binti. "Kona ya Choo nimeingia pana."

Kocha akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeonja mchuzi akakuta chumvi inatosha. Shangazi akakoroma.

Kisha Punje. Muda wake ndio ulikuwa bora, tena kwa mbali.

"Nini kimekwenda vibaya?"

Punje akafikiri, ulimi nje. "Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Kiatu kinanibana."

Kocha akacheka. Nilimsikia akicheka, na moyo wangu ukaanza kupanga mizigo ya safari.

Mzunguko wa pili akawabadilishia vigari. Hii ni kawaida yao: mtoto wa tajiri anapewa kigari cha mtoto wa fukara na kinyume chake, ili visingizio viishe. Daktari wa meno akasimama.

"Kigari kile nimekinunua mimi."

"Na kitarudi kwako," Kocha akasema. "Kaa, Daktari."

Akakaa. Mwanawe kwenye kigari cha Punje akatambaa kama konokono. Daktari akapiga kelele mpaka kofia ikaanguka, na kila alipopiga kelele mtoto alipunguza mwendo ili asikie anaambiwa nini. Binti wa shangazi alikuwa vilevile, si haraka si pole, kama saa ya ukutani. Punje kwenye kigari cha daktari aliruka. Mbele tena, na safari hii zaidi.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya benchi na ndoo yangu. Nikawa namwangalia mdogo wangu anapokuja kwenye mnyoosho. Nikaona kitu.

Helmeti yake iliinama. Kidogo tu, kushoto, kuelekea chini. Ikarudi. Breki. Kona. Akapita safi.

Nikajisemea ni yale mazoea ya kioo ambayo Baba kampandikiza. Alipokuja tena nikatazama. Kona ya Choo, helmeti imenyooka. Kona zote, imenyooka. Mnyoosho wa Kona ya Matairi, ikainama kushoto.

Nikafuata ilikoelekea. Chini ya benchi.

Kiatu cheupe kikainuka. Kikatua. Du.

Breki.

Ndoo ikaniponyoka, maji yakamwagikia sweta la shangazi. Hakuamka.

Mdogo wangu haijui Kona ya Matairi. Anaujua mguu wa Baba. Tulikaa siku zote zile na kigoda na tofali, tukidhani tunamfundisha kona, kumbe tunamfundisha kiatu. Na mimi, ninayejisifu kwamba hakuna kinachonipita, nilikuwa palepale nikivuta tyubu.

Nikainama kama ninayeokota ndoo.

"Baba," nikanong'ona. "Acha kupiga mguu."

Akanionyesha mdomo wake uliofungwa. Yaani, nimetimiza ahadi.

"Mguu, Baba. Anauangalia."

"Nani?" akasema kwa pua.

"Punje."

Akatabasamu. Mzee wa watu akatabasamu kwa fahari, mdomo bado umefungwa, machozi yakamlengalenga. Kwake ilikuwa habari njema kuliko zote alizosikia tangu afukuzwe kazi. Bado kuna mwanafunzi mmoja duniani anayesimama akiambiwa asimame.

Nikaokota ndoo.

"Mzee," sauti ikasema juu yetu. Alikuwa Kocha. "Naona mguu hautulii."

Baba akanitazama. Nikamruhusu kwa macho afungue mdomo.

"Damu, mama. Haitembei vizuri."

"Pole sana," Kocha akasema. Akasimama hapo kitambo, akiangalia viatu vyeupe. "Vizuri. Vya harusi?"

"Vya harusi."

"Vinaonekana mbali."

Akaondoka. Sikujua kama nimsikitikie Baba au nikimbie.

Kocha akasimama katikati ya uwanja, akapiga makofi mara moja.

"Mzunguko wa mwisho. Ndugu na jamaa wote, nyuma ya gereji. Mtakunywa chai huko. Mkisikia injini, msichungulie."

"Kwa sababu gani?" daktari akauliza.

"Kwa sababu huko tunakompeleka atakayechaguliwa hakuna benchi. Atalala bwenini, ataamka na makocha, ataingia kwenye kigari peke yake. Nataka nione leo atakavyokuwa kesho."

Daktari akaondoka kinyumenyume, darubini machoni mpaka akagonga mlango. Shangazi akaamshwa, akashangaa kwa nini ameloa. Baba aliondoka wa mwisho. Alipita karibu na kigari cha Punje akaugusa usukani kwa kidole kimoja, kama anayeaga.

Mimi hakuna aliyenifukuza. Nilikuwa na ndoo.

Mtoto wa Meno akaenda wa kwanza. Mnyoosho wa kwanza aligeuka kuangalia benchi. Halina mtu. Mnyoosho wa pili aligeuka tena. Wa tatu hakugeuka. Ghafla mabega yakamshuka, na yule konokono akapata miguu. Alirudi na muda ambao hakuwahi kuufikia maisha yake yote.

"Nini kimekwenda vibaya?" Kocha akauliza.

"Hakuna aliyepiga kelele," akasema mtoto, kama anayeota.

Nikaanza kupata matumaini. Nikasema huenda na Punje naye. Huenda kuondoka kwa Baba ni kama kutoa vile vyuma kitini. Binti wa shangazi akaenda, akarudi vilevile, saa ya ukutani. Zamu ikafika.

Punje akatoka bandani. Kona ya Choo, akapita kama kisu. Kona zilizofuata, nikamwona ameshika mstari, nikaanza kumshukuru Mungu kwa majina yake yote. Akaingia kwenye mnyoosho.

Helmeti ikainama kushoto.

Benchi tupu. Sweta la shangazi tu limebaki, linachuruzika maji.

Helmeti haikurudi. Iliendelea kutafuta. Chini ya benchi, nyuma ya benchi, mwisho wa benchi. Alama nyekundu ya pembeni ikapita, mahali pa kukanyagia pakapita, na mdogo wangu bado anatafuta kiatu.

Alikanyaga kwa kuchelewa na kwa nguvu zote. Kigari kikazunguka, kikazunguka tena, kikaenda kinyumenyume kwenye ukuta wa matairi. Tairi moja likaruka, likabingirika taratibu katikati ya njia, likajilaza.

Nilifika kabla ya fundi. Sijui ndoo niliiacha wapi.

"Umeumia?"

"Hapana."

"Shingo?"

"Shingo nzuri," akasema. "Tyubu imesaidia."

Kutoka nyuma ya gereji Baba akaja mbio, viatu vyeupe vimejaa grisi, mdomo umefunguka kabisa.

"Nilikanyaga," akaniambia, anahema. "Nilimsikia anakuja, nikakanyaga kule nyuma, palepale, mahali penyewe. Hakuniona tu. Nilikanyaga, mwanangu."

Nikamshika mkono nimnyamazishe. Nikageuka.

Kocha alikuwa nyuma yangu. Sijui alisikia kiasi gani. Uso wake huwa haumwagi siri.

"Mzee, chai yako inapoa," akasema.

Baba akamwangalia Punje, akamwangalia Kocha, akanywea. Akarudi nyuma ya gereji taratibu, akiinua miguu juu juu, kama anayeogopa kukanyaga kitu.

Fundi akakigeuza kigari, akachungulia chini, akanyoosha chuma kimoja kwa nyundo.

"Kinatembea," akasema.

"Basi atakwenda mara moja zaidi," Kocha akasema. "Kila dereva nampa ruhusa ya kuharibu mara moja. Namwangalia anavyorudi. Akirudi vizuri kuliko wenzake, ataondoka na mimi. Asiporudi, namchukua binti wa shangazi." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, dada, nimekuona tangu asubuhi. Hupigi kelele. Laiti ndugu wote wangekuwa hivyo. Mfutie kioo."

Akasogea pembeni, akasimama karibu na ile alama nyekundu. Akaivua saa shingoni, akaitia mfukoni.

Nikachuchumaa. Nikafuta kioo cha helmeti ya mdogo wangu, nikakiinua. Macho yake yalikuwa makavu. Afadhali angelia, ningejua la kusema.

"Dada."

"Abee."

"Sijui kona inaanzia wapi."

"Unajua. Umepita pale mara ngapi?"

"Najua kwa mguu. Nikiona mguu, mguu wangu unajikanyagia wenyewe. Bila mguu naona njia tu, ndefu, haiishi."

"Itazame ile alama nyekundu."

"Nimeitazama. Haisemi kitu."

Fundi alikuwa anakaza skrubu ya mwisho. Punje akanishika kwapa la ovaroli yangu, akanivuta mpaka helmeti ikagusa paji la uso wangu.

"Kaa pale alipokuwa Baba," akasema.

"Punje."

"Mara moja tu. Mtu wa ndoo hafukuzwi. Unakaa kama unapumzika. Mimi nikifika unapiga. Wewe unajua mahali, Dada. Ulikuwepo siku zote."

Nilikuwepo siku zote. Pale mahali nilipajua. Hata sasa nikifumba macho mguu wangu wa kulia unapajua, kuliko ninavyojua njia ya kwetu. Na buti zangu ni za njano, zinaonekana mbali kuliko vya harusi.

Ningekaa, angepita. Angepanda gari la timu jioni hiyohiyo, na Mama Antena angekosa la kusema kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Halafu wangempeleka kwenye kona isiyo na benchi, na kigari kisichokuwa cha kuchezea, na ukuta usiokuwa wa matairi.

Nisingekaa, huenda angekwenda tena kulala na matairi mbele ya mtu anayetafuta mtoto mmoja. Na angejua ni mimi niliyekaa na ndoo nikimtazama.

"Mwambie Kocha kwamba umechoka," nikasema. "Mwambie ukweli. Mwambie kona huijui."

"Atamchukua yule binti."

Na ni kweli, angemchukua.

"Dada, utakaa?"

Nikainua macho kumtafuta Kocha. Hakuwa anamwangalia Punje. Hakuwa anaangalia benchi, wala kona, wala kigari. Alikuwa amesimama palepale kwenye alama nyekundu, mikono nyuma, anaangalia buti zangu za njano.

Fundi akavuta kamba. Injini ikawaka.

Punje hakushusha kioo.